Chris Cornell kisha Soundgarden kuvunjika: zile albamu zake za peke yake tuanzie wapi?

gitare_birere (Goma)

Jambo yenu bote. Bapenzi ba rumba na ndombolo munisamehe leo, swali yangu ni ya rock, najua humu ndani tuko kidogo lakini tuko.

Mimi niko muimbaji na napiga gitare. Grupe yetu hapa Goma imeisha, haikuwa ugomvi, mwenye gitare basi alipata kazi mbali, mwenye bateri (zile ngoma za grupe) akapata bana na wakati ya repetisyon ikakosekana, tukabakia tu na grupe ya Watsapu ile hakuna mutu anaandika mo ila Bonane. Sasa batu bananiambia endelea peke yako, wewe njo ulikuwa sauti. Kusema ni rahisi. Njo nikaanza kutafuta bale bakubwa ba rock ginsi gani balifanyaka wakati grupe zao zilikufa, na wa kwanza kumuwaza ni Chris Cornell, juu ule mutu njo alinifundisha kuimba kwa kweli, niko naye mu masikio tangu sekondari.

Soundgarden, ile grupe yake ya rock, naijua vizuri. Albamu Superunknown ya 1994 iliingia moja kwa moja ku namba moja kule Marekani, na zile nyimbo naweza kukupigia usiku courant imekatika. Kisha mu mwezi wa ine 1997 bakatangaza imeisha. Ile ya nyuma njo inanichanganya. Nimesikiliza albamu ya 1999, nimesikiliza ya 2007, nimesikiliza ya 2009, na hii ya 2009 nilizani telefone imeruka mu miziki ya mudogo wangu juu ilikuwa bateri ya mashine tupu, nikaangaria ku kioo, jina ni Chris Cornell kabisa.

Sasa swali yangu ni hii: ni ginsi gani mutu moja atoe albamu tatu zisizofanana ata kidogo, alikuwa anajitafuta ama alikuwa amepotea? Na kwa mutu kama mimi mwenye anataka kujifunza, nianze na ipi? Mudogo wangu anasema nisijisumbue, muimbaji akitoka mu grupe ameisha. Munijibu na mifano, haiko matusi tu.

kadutu_loud (Bukavu)

Ndugu gitare karibu sana, umegusa fasi yangu. Jibu fupi: anza na ya 1999, Euphoria Morning, na uisikilize na ekuta, usisikilize na kale kabafle ka telefone, utakosa nusu.

Jibu refu sasa. Batu banafikiri kisha Soundgarden alienda "peke yake", hapana, ile albamu haiko ya mutu moja. Alienda kwa Alain Johannes na Natasha Shneider, mume na bibi, bale ba grupe Eleven ya Los Angeles, na bakairekodi kwao ku nyumba, stidyo ilikuwa mu nyumba yao. Ukisikiliza unaisikia ile nyumba kabisa. Kinanda ya Natasha iko karibu na sikio, gitare ya Alain haipige kelele, inazunguka zunguka pembeni ya sauti, na Cornell hana tena ukuta wa ma ampli nyuma yake wa kumulazimisha apande juu kila dakika. Soundgarden ilimuomba apige yowe ili asikike juu ya gitare ya Kim Thayil. Huku anaweza kunong'ona na tukamusikia. Iko wimbo moja mule aliimba juu ya Jeff Buckley, muimbaji, rafiki yake, ule alikufa mu maji mu 1997, mwaka ile ile Soundgarden ilivunjika. Unaona mutu alikuwa anatoka wapi.

Na kitu ya kufurahisha kwetu sisi ba Kifaransa: ule wimbo wa kwanza wa albamu, Can't Change Me, aliuimba tena mu Kifaransa, iko ku diske zilizouzwa Japani. Kifaransa chake ni cha kujikaza, unasikia ulimi unavyohangaika, lakini mimi naipenda sana, nilimusikilizisha mama yangu akaniuliza huyu ni Mubelgiji ama.

Kwa hiyo kujitafuta ama kupotea, mimi nasema kila albamu alibadirisha nyumba. Ya 1999 ni nyumba ya Eleven. Ya 2007, Carry On, ni ya prodiktere Steve Lillywhite, safi lakini kama hoteli, hakuna harufu ya mutu. Ya 2009, Scream, ni ya Timbaland, prodiktere wa hip-hop na mashine. Mwenye kukupokea njo anakupatia chakula.

bateri_katindo (Goma)

Kadutu unaongea vizuri lakini munasahau mutu moja, na kila mara anasahauliwa, ni mutu wa bateri.

Mimi napiga bateri (ndiyo, siye bateri wa grupe ya gitare_birere, msianze). Soundgarden bila Matt Cameron ni nini? Chukua Spoonman. Ule wimbo unahesabu mapigo saba saba, haiko ine kama miziki mingi, saba, na batu mu konseri banaruka na kupiga vichwa na hakuna mwenye anajua kama kuna kitu haiko sawa. Fell on Black Days inahesabu sita, inateremka polepole, unazani ni wimbo ya kawaida tu. Ile ni kazi ya Cameron, anafanya hesabu ngumu ionekane kutembea. Cornell mwenyewe alianza Soundgarden mu 1984 akiwa ku bateri na anaimba, kwa hiyo alijua vizuri alichokuwa nacho nyuma yake. Grupe ilipokufa, Cameron alienda ku grupe Pearl Jam mu 1998 na akakaa kule zaidi ya miaka makumi mbili. Cornell akabakia na nyimbo zenye kuhesabu ine.

Ata ginsi Soundgarden iliisha ni mambo ya vyombo. Konseri ya mwisho, Honolulu, tarehe 9/2/1997, gitare basi ya Ben Shepherd ilikuwa inakataa, ya kukataa, akaichoka akaitupa na akatoka ku jukwaa. Miezi miwili kisha hakuna tena grupe. Sisi bapigaji tunajua ile hasira, jack inakatika katikati ya wimbo na batu banakuangaria wewe kama ni wewe umekata.

Sasa ya Scream nitasema wazi wazi: siipendi na sitaipenda. Mutu mwenye alikuwa na Matt Cameron anaenda kuimba juu ya mashine. Ata Trent Reznor wa Nine Inch Nails alimucheka hazarani ku Twitter ile wakati, na yeye njo mwenye kutumia mashine kushinda bote. Na kwenye Carry On kuna ile Billie Jean ya Michael Jackson ameifanya polepole kama matanga. Mutuache.

mulushois_mukubwa (Lubumbashi)

Vijana jambo. Miye niko Lubumbashi, Kamalondo, umri umeenda kidogo, kwa hiyo nitakuwa mrefu, mwenye hana mega apite.

Kwanza mudogo wangu wa Katindo, unasema Scream ni takataka, lakini njo albamu yake ya peke yake yenye ilipanda juu kushinda zote kule Marekani, ilifika namba kumi. Wenye kuinunua balikuwako. Yenye ilikasirika ni shiye ba gitare, juu tulikuwa tunangojea mwaka 1994 irudi. Miye ile diske niliisikiliza yote bila kukata, na haina mbaya ya kusikiliza vile, nyimbo zimeshikana moja ku ingine bila kimya, ilifikiriwa, haikutupwa tu. Mutu aliyefika miaka makumi ine na kitu, amefanya Soundgarden, amefanya Audioslave, ameimba ya filamu ya James Bond mu 2006, unataka afanye tena kitu ile ile?

Na Audioslave munairuka kwa nini? Ile ni somo kubwa kwa mwenye kuuliza. Rage Against the Machine ilibakia bila muimbaji mwishoni mwa 2000, Cornell alikuwa bila grupe, bakaoana, njo ikazaliwa Audioslave. Albamu tatu, 2002, 2005, 2006, na mwezi wa tano 2005 bakapiga konseri ya bure Havana, Kuba, mbele ya bahari, batu bamingi kabisa. Kisha mwanzo wa 2007 akatoka. Kwa hiyo karyeri yake haina "grupe kisha solo" kama ngazi, ni kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, na mu 2010 Soundgarden yenyewe ikarudi na 2012 bakatoa albamu ingine. Alikufa Detroit tarehe 18/5/2017, saa kidogo tu kisha kupiga na Soundgarden, alikuwa na miaka 52. Ile siku miye sikufungua radio.

Ya pili. Musishangae sana na mambo ya Bazungu, juu kwetu mwaka ule ule 1997 orkestre Wenge Musica nayo ilipasuka. Soundgarden mwezi wa ine, Wenge mwisho wa mwaka. Lakini muone tofauti. Kule grupe ilipokufa jina ilizikwa, Cornell alienda na jina yake ya kuzaliwa. Kwetu kila mutu aliondoka na kipande ya jina. JB Mpiana akabakia na Wenge BCBG, Werrason na Didier Masela na Adolphe Dominguez bakafanya Wenge Maison Mère, na nayo ikapasuka tena, Adolphe akaenda na Wenge yake, Masela na Wenge yake, mupaka ukiuliza Wenge iko wapi ulikuwa unaulizwa Wenge ya nani. Mukongomani akitoka mu orkestre haende kuwa solo, anaenda kuwa patro. Papa Wemba alitoka orkestre Zaïko mu 1974, akapita fasi mbili, na 1977 akafungua Viva la Musica, yeye njo mwenye nyumba, na yeye tena akaanza kukimbiwa na bana. Solo kabisa kabisa, jina yako tu ku diske, imekuya kuzoeleka na akina Fally Ipupa, ule alitoka Quartier Latin ya Koffi Olomide na akatoa yake mu 2006.

Na kama unatafuta mutu wa rock mwenye alitoka mu grupe na akafungua macho, angaria Peter Gabriel. Alitoka Genesis mu 1975, mu 1982 akawa mumoja wa bale balianzisha WOMAD, tamasha ya miziki ya dunia nzima, kisha akafanya stidyo na lebo yake Real World, na Papa wetu Wemba alirekodi kule na akazunguka dunia naye mu 1993. Kama angebakia mu Genesis sijui kama ile mulango ingefunguka kwa Mukongomani. Basi kupasuka kwa grupe ya Uingereza kulileta chakula mupaka Matonge ya Kinshasa, haina kitu kidogo.

nuru_himbi (Goma)

Mukubwa wa Lubumbashi heshima yako, nimecheka ya Wenge ya nani.

Mimi nitauliza gitare_birere swali moja tu yenye hakuna mutu ameuliza: zile nyimbo za grupe yenu, nani aliziandika? Juu hapo njo karyeri ya solo inaanzia ama inakufia, haiko ku sauti.

Angalieni Cornell. Black Hole Sun, wimbo mukubwa wa Soundgarden, aliiandika yeye, maneno na miziki. Spoonman vile vile. Kwa hiyo siku Soundgarden ilipokufa alitoka na ile kalamu mu mufuko. Sasa mulinganishe na Liam Gallagher, muimbaji wa grupe Oasis ya Uingereza. Sauti kubwa kabisa, lakini nyimbo kubwa za Oasis karibu zote ni za Noel, kaka yake. Oasis ilivunjika Paris tarehe 28/8/2009, walipigana nyuma ya jukwaa hata kabla ya kupanda. Noel akaondoka na kalamu. Liam akabakia na bale bengine bakafanya Beady Eye, miaka mitano, haikuenda, 2014 ikaisha. Njo 2017 akatoa albamu kwa jina yake, As You Were, na safari hii alikubali kukaa na batunzi, Greg Kurstin na Andrew Wyatt, na ikaingia namba moja Uingereza. Hakuwa na aibu ya kusema mimi ni sauti, munisaidie nyimbo. Mimi naona ile ni akili kubwa, na bamingi wetu hapa Goma kiburi inatuzuia. Na ona, 2025 bandugu bakarudi pamoja, bakaanzia Cardiff mwezi wa saba, kila mutu na chake.

Jambo la pili ni ya makaratasi, na naiongea juu niliona marafiki zangu bakikosana mu korale moja mpaka leo hawasalimiane. Sheria yetu ya haki za watunzi ni ya tarehe 5/4/1986, ya zamani lakini njo yenye iko, na wimbo mukiutunga pamoja ni wa bote, haiko wa mwenye sauti. Kwa hiyo mbele ya kupanda jukwaani na nyimbo za grupe, keti na ule wa basi ku Watsapu, keti na ule wa bateri bana balale, muandike wimbo kwa wimbo: maneno ya nani, ile gitare ya mwanzo ya nani, nani alileta korasi. Karatasi ya daftari inatosha, kila mutu anasaini, unapiga foto. Jina ya grupe pia muongelee. Bafaransa ba grupe Téléphone balivunjika 1986, na wakati batatu kati yao barudi ku jukwaa 2015 bila Corine, mama wa gitare basi, hawakurudi na jina Téléphone, wakajiita Les Insus. Konseri zilijaa, nyimbo ni zile zile, jina haipo.

gitare_birere (Goma)

Ah dada Nuru umenipiga fasi inauma. Maneno karibu yote ni yangu, lakini zile gitare za mwanzo, zile batu banazijua mbele sijaimba, mbili ni za ule wa basi, alizitunga kwangu ku barza. Nitamuandikia leo leo. Aksanti sana.

Mukubwa wa Lubum, mambo ya Papa Wemba na Peter Gabriel nilisikiaka nusu nusu, leo nimeelewa.

Sasa iko swali ingine imetoka mu hii. Hapa kwetu munajua mambo ya moto, repetisyon moja mbili courant inaenda, jenereta inakula mafuta kushinda ile tunalipwa, na kukodisha ampli na bafle kwa konseri moja kidogo unarudi nyumbani na deni. Nimewaza nipige na gitare moja tu, ile ya mbao, bila kitu. Lakini naogopa. Nyimbo za grupe ukizitoa bateri na basi zinabakia mifupa. Nilijaribu moja mbele ya mudogo wangu akasinzia, sijui ni mimi ama ni yeye. Cornell aliwahi kufanya vile ama yeye kila mara alikuwa na watu?

kadutu_loud (Bukavu)

Alifanya! Na njo fasi nilitaka kukupeleka tangu mwanzo lakini bateri_katindo akatuingiza mu hesabu ya saba.

Tafuta Songbook, ilitoka 2011. Ni konseri za gitare ya mbao na mutu moja, Marekani na Kanada. Mule kuna Soundgarden, kuna Audioslave, kuna za kwake, kuna ata ya Led Zeppelin na ya John Lennon, zote na gitare na mudomo tu. Na sikiliza Black Hole Sun ile ya mule. Haikujaribu kufanya kelele ya grupe. Kwenye diske ya 1994 kuna ile gitare inayoyumba yumba kama maji, huku ameiacha kabisa, anapiga akordi zenye kuonyesha njia tu, na anaachilia kimya pale bateri ilikuwa inaingia. Ile kimya njo funzo. Bamingi tukipiga peke yetu tunaogopa kimya, tunajaza na kupiga gitare kwa nguvu juu juu, na mudogo anasinzia juu hakuna kinachopanda wala kinachoteremka.

Na sasa nakuja kwako bateri_katindo, usikimbie. Mule mule kwenye Songbook kuna wimbo unaitwa Ground Zero. Ule unatoka wapi? Unatoka Scream. Ile takataka yako. Fanya kitu moja: sikiliza ya Timbaland, kisha usikilize hii ya gitare. Ni wimbo mzuri wa blues, una mifupa, ulikuwako tangu mwanzo. Mashine haikuuua, na mwenye kuchukia mashine hakuusikia. Mimi mwenyewe ile ya Timbaland sasa naisikia vingine.

Kitu ya mwisho juu ya Songbook na zile konseri za gitare zilizofuata. Aliimba mara nyingi When I'm Down, ya albamu ya 1999, ile kinanda ilikuwa ya Natasha Shneider. Natasha alikufa mu 2008. Basi Cornell alikuwa na tourne-disque ku jukwaa, anaweka santuri yenye kinanda ya Natasha tu, anashusha sindano pole pole mbele ya batu, ile kelele ya vumbi inasikika kidogo, kisha anaimba juu yake. Alikuwa peke yake na hakuwa peke yake. Ukitaka kuendelea pale, Higher Truth ya 2015, prodiktere Brendan O'Brien, imejengwa juu ya gitare ya mbao, na kwangu mimi njo mukubwa wa zote kisha ya 1999.

mulushois_mukubwa (Lubumbashi)

Kadutu umesema vema. Naongeza paka moja ya Robert Plant, muimbaji wa Led Zeppelin, juu gitare_birere ameuliza mifano, kisha nalala.

John Bonham wa bateri alikufa mwezi wa kenda 1980, na mwezi wa kumi na mbili Led Zeppelin bakasema bila yeye hatuendelei. (Bateri_katindo hapo utafurahi, grupe nzima ilifungwa juu ya mutu wa bateri.) Plant akatoa yake ya kwanza 1982, na kwa bateri akamuita Phil Collins ku nyimbo nyingi na Cozy Powell ku zingine. Na ona kichwa ngumu yake: ku konseri zake za miaka ile alikataa kuimba za Zeppelin, mupaka 1988 njo akaanza kuzirudisha. Batu balikuwa banalipa tikiti na banapiga kelele baimbiwe za zamani, yeye hapana. Alitaka kwanza bamujue bila ile koti.

Kisha akatembea. Mwezi wa kwanza 2003 alienda kupiga kule Essakane, mu mchanga wa Mali, upande wa Timbuktu, ku tamasha ya jangwa pamoja na Batuareg. Na 2007 akatoa albamu na Alison Krauss, mwanamke wa miziki ya vijijini vya Marekani, na mule Plant anaimba chini, pole, ule mutu aliyevunja vioo na sauti mu miaka ya 70. Tarehe 10/12/2007 Zeppelin barudi usiku moja London, mutoto wa Bonham ku bateri, dunia nzima ikaomba baendelee, pesa ya ajabu ilikuwa pale. Plant akarudi kwa Alison, na 2009 ile albamu ikapata Grammy ya albamu ya mwaka. Sauti ya miaka 60 haina sauti ya miaka 20, alilijua hilo, akatafuta nyimbo zenye kukaa ku sauti aliyobakia nayo. Wewe gitare uko kijana lakini jiulize vile vile, ile unaimba juu ya grupe uliiimba juu wimbo ulitaka ama juu ampli ilikulazimisha? Teremsha toni. Haina haya.

nuru_himbi (Goma)

Ya kuteremsha toni nasaini. Na usianze na konseri ya kulipisha, omba dakika kumi na tano kabla ya mutu mwingine, nyimbo ine tu, mbili za grupe (zenye mumesaini!), moja mpya, moja ya mutu mwengine. Bale batu ba ngoma ya kiasili huwa banakubali mutu abafungulie konseri, na vyombo vyao vya sauti viko tayari vimefungwa, hukodishe kitu.

bateri_katindo (Goma)

Haya nimesikiliza Ground Zero zote mbili, mega zangu zimeisha juu yenu. Ile ya gitare ni nzuri. Nimesema ile ya gitare. Ku ile ya mashine kuna fasi moja snare (ile ngoma ndogo ya bateri) inaingia nyuma kidogo ya hesabu, nimeirudilia mara na mara, haiko mubaya, mutu alikaa akafikiri pale. Lakini Billie Jean sitaki kusikia ata munilipe.

Gitare_birere, ile kimya Kadutu anasema, kwa nyimbo mbili ama tatu unaweza kuiacha, kwa saa nzima batu ba Goma batatoka nje kuongea. Mimi niko na kale kasanduku ka mbao ka kukalia na kupiga na mikono, hakuna jenereta, hakuna kukodisha, nakabeba ku pikipiki mbele ya dereva. Jumamosi mchana niko bure. Hatupige ya kuhesabu saba siku ya kwanza, tuanze na sita. Andika ku inbox fasi gani, na kama ni ile barza yenu niambie kama majirani ni batu ba kupatana.